Uzi wa Babu Mgongoni mwa Mbwa

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mnada wa Isingiro, nimeinama juu ya turubai la mama mmoja anayeuza mitumba ya watoto. Alikuwa ndiyo kwanza amekata kamba za robota, na sisi wanawake tulikuwa tunachambua kama kuku wanaoparura jaani. Yule mama akainua kisweta chekundu cha sufu, akakigeuza, akakigeuza tena. Mgongo ulikuwa mrefu, tumbo fupi, na matundu ya mikono yalikuwa yamekaribiana kwa chini, pale ambapo mtoto ana kifua. Mmoja wetu akasema labda ni cha mtoto asiye na mabega. Mwingine akasema hiyo si nguo, ni koti la chupa ya chai. Nikawaambia ni sweta la mbwa.

Walicheka mpaka wa turubai la jirani wakageuka. Mbwa wa nani huyo anayevaa sweta wakati watu wana baridi? Muuzaji akasema hayo ni mambo ya Wazungu, kisha akajisahihisha mwenyewe kwamba tusiwasingizie Wazungu peke yao, maana palepale Isingiro, nyuma ya kanisa, kuna bibi mmoja Mnyarwanda ambaye mbwa wake huvaa hivyohivyo kila masika, na anawafumia mwenyewe kwa spoku za baiskeli.

Nikaacha kuchambua. Nilikileta kile kisweta puani. Kilinuka dawa ya nondo, lakini chini ya dawa kulikuwa na ile harufu ya sufu, harufu ya kondoo aliyenyeshewa, na hasira juu yangu mwenyewe ikanipanda mbele ya watu waliokuwa bado wanacheka. Mimi mtu mzima, mama wa watoto wawili, kwa jambo lililotokea nikiwa darasa la nne.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Karagwe mnaukumbuka ubaridi ule. Kwetu ni Kanoni, na msimu wa mvua ukungu ulikuwa ukilala ndani ya migomba mpaka saa tatu asubuhi. Tulikwenda shule tumekumbatia daftari kifuani, siyo kwa kuzipenda bali kwa kutafuta joto. Nyumbani kwetu palikuwa katikati ya kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, nyumba mbele na jiko nyuma, na kutoka mlango wa jiko mpaka shina la kwanza la mgomba ilikuwa hatua nne tu. Hapo ndipo Mama alipokuwa akimwaga maji.

Mbwa wetu jike alizaa wanne. Watatu walichukuliwa na majirani, akabaki mmoja mdogo asiyetakiwa na mtu, ambaye hata jina hakupewa. Tulimwita Kabwa, ambayo kwa Kinyambo ni mbwa mdogo tu, basi. Siku moja Mama alichemsha maharage, akayamwaga maji yake mlangoni bila kutazama, na Kabwa alikuwa amelala pale akiota joto la jiko. Alilia mlio ambao sijausikia tena kwa mnyama yeyote. Alipona, lakini mgongo wake, kuanzia shingoni hadi karibu na mkia, ulibaki ngozi tupu ya waridi, na manyoya hayakurudi. Mama alisema ni bahati mbaya, na kweli ilikuwa bahati mbaya. Kilichonikera ni kwamba alilisema hilo mara moja tu, akaendelea na kazi. Mimi nikivunja kikombe kwa bahati mbaya nilikuwa nachapwa.

Mvua za masika zilipoanza Kabwa akawa anatetemeka mchana kutwa. Alikuwa akijisukuma kwenye miguu ya kila mtu, na kila mtu akimsukuma kando. Nikaamua kumfumia sweta.

Sikujua kufuma. Aliyejua pale kwetu alikuwa mwanamke aliyelima kibarua kwenye kahawa yetu na kukaa katika kijumba cha chumba kimoja ambacho Baba alimwazima, mwisho wa kibanja. Watu walimwita Mnyarwanda, na mimi kwa utoto wangu nilidhani hilo ndilo jina alilobatizwa, kama vile wengine wanavyoitwa Maria au Adelina. Niliwahi kumwita hivyo mbele yake, kwa heshima zote: "Shikamoo, Mama Mnyarwanda." Akaitikia marahaba, akanitazama kidogo, akaendelea kupalilia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba alizaliwa Nyakatuntu, siku moja ya mguu kutoka kwetu, na kwamba Rwanda hakuwahi kukanyaga. Wazazi wake ndio waliotoka huko, wakiwa watoto.

Alikuwa na goti bovu, kwa hiyo alipopumzika alikaa amenyoosha mguu mmoja, na mikono yake ikawa inafuma. Kikundi cha akina mama cha usharika wetu kilikuwa kinafuma masweta ya shule kwa ajili ya yatima, ya bluu, na yeye ndiye aliyekuwa akiletewa mikono na shingo, yaani kazi ngumu iliyowashinda wengine. Akina mama walifuma vifua na migongo, wakapigwa picha na masweta.

Nilipomweleza shida yangu hakucheka. Ndiye mtu mzima pekee ambaye hakucheka, na sijasahau. Aliuliza uzi nitautoa wapi. Nikamwambia nimepewa sweta kuukuu nyumbani.

Huo ulikuwa uongo. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sweta lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ndani ya ghala la kahawa. Lilikuwa la bluu iliyokolea, alilopewa enzi zake za ulinzi, na viwiko vilikuwa vimekatika. Mama alikuwa amekishona kiwiko kimoja kwa uzi wa kahawia, maana wa bluu hakuwa nao. Baba alikuwa ametuonya kwamba vitu vya marehemu havichezewi. Mimi niliona kwamba Babu haoni baridi tena na Kabwa anaiona. Nikalichukua. Usiku nilikuwa naogopa kwamba Babu atakuja kulidai, lakini mchana nilikuwa nafumua.

Mnyarwanda alinionyesha jinsi ya kutafuta ncha ya uzi na kuuvuta, safu baada ya safu, huku nikiuzungushia kwenye magoti yake. Uzi uliofumuliwa hautoki umenyooka. Unatoka na mawimbi, umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa msuko. Alisema dawa yake ni kuuosha, kuutundika na jiwe kwa chini, na kusubiri ukauke wenyewe. Kwa mvua ile ungechukua wiki. Sikuweza kusubiri wiki. Akasema basi, tutafuma na mikunjo yake, mbwa hatajali.

Spoku mbili za baiskeli alizinoa kwenye jiwe mpaka ncha zikawa butu na laini. Tulimpima Kabwa kwa kamba ya mgomba: shingo fundo moja, kifua fundo la pili, mgongo fundo la tatu. Nilianza shingoni. Vitanzi vya kwanza nilivikaza hadi spoku ikakataa kupita, akavifumua vyote bila neno, nikaanza tena. Vya pili vilikuwa vimelegea kama wavu. Mara ya tatu alikubali. Safu za shingo zilikuwa kitanzi cha mbele, kitanzi cha nyuma, ili zivutike kichwa kipite. Baada ya hapo ni kitanzi kimoja tu kinachojirudia, na kuongeza kimoja kila upande ili kifua kipate nafasi.

Nilipofika kwenye matundu ya miguu nilikosea. Niliyaweka ubavuni, kama ya mtu. Akaniita, akamsimamisha Kabwa mbele yangu, akaniambia:

"Mbwa si mtu aliyeinama. Mtazame kwanza, halafu ufume."

Nikamtazama. Ilikuwa kweli, miguu yake ya mbele inatoka chini ya kifua na karibu karibu. Nikafumua, nikayashusha. Akanionyesha pia kwamba tumbo liwe fupi kuliko mgongo, la sivyo litalowa kila akikojoa. Ule uzi wa kahawia wa kiwiko nilitaka kuutupa, akasema uzi hautupwi, ufume tu. Ukatokea mstari mfupi wa kahawia upande wa kushoto, mrefu kama kidole cha mtoto.

Kazi ilichukua siku nyingi za baada ya shule. Sikumbuki kipindi kingine cha utoto wangu ambacho nilikuwa na furaha kiasi kile. Mvua inapiga majani ya migomba, mguu wake umenyooshwa, Kabwa amelala juu ya huo mguu mbovu kwa sababu, alisema, mbwa anajua palipo na maumivu. Hatukuzungumza sana. Alikuwa akiniita mwanangu, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumwita hivyo.

Siku nilipomvika Kabwa lile sweta, alisimama kama kiti. Hakujua kama anaruhusiwa kutembea. Kisha akatikisa kichwa, akapiga hatua, akakimbia mpaka barabarani na kurudi, akalala kifudifudi na kuacha kutetemeka. Mimi nilishuhudia kutetemeka kule kukiisha. Kijiji kizima kilicheka, hata Baba alicheka, na kwa kuwa hakulitazama kwa karibu hakulitambua sweta la baba yake; Mama naye hakumwangalia mbwa mara mbili. Nikajiona nimeshinda.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama aliwaita wenzake kwenye ukumbi mdogo wa usharika. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzuri ya kuombea, na Mama alikuwa akimheshimu kuliko dada zake wa damu. Madonge matatu ya uzi wa bluu yalikuwa yamepotea kwenye gunia lililohifadhiwa nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nje na watoto wenzangu, Kabwa yuko nasi na sweta lake. Akatoka mwanamke mmoja mlangoni, akatutazama, akarudi ndani. Muda si muda nikaitwa, na mbwa wangu nimemkumbatia.

Ndani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wote wamevaa vitenge vya sare. Mnyarwanda alikuwa amesimama katikati, uzito wote kwenye mguu mzima. Mwenyekiti akamwita Sesilia. Mimi niligeuka kumtafuta huyo Sesilia. Ndivyo nilivyolijua jina lake.

Sweta lilivuliwa. Halikutoka vizuri kwa sababu Kabwa alikuwa anajitikisa kwa hofu, likavutwa kwa nguvu mpaka vitanzi vya shingo vikakatika. Akabaki na ule mgongo wake wa waridi mbele ya akina mama wa usharika. Mwenyekiti akalinyanyua juu, akasema mnaona, tunahangaika kuwavisha yatima, kumbe uzi wetu unavisha mbwa.

Sesilia hakupaza sauti. Alisema uzi ule si mpya. Aliomba waushike waone ulivyojikunja, kwamba uzi wa dongeni umenyooka na huu umewahi kuwa sweta jingine, na wao wote ni wafumaji, wanajua. Alisema uliletwa na mtoto, wamuulize mtoto.

Wakanigeukia. Hapa nataka kuwa mkweli, maana hasira yangu haina haki kama sitaanza na mimi. Mwenyekiti aliniuliza:

"Uzi huu uliuiba wewe?"

Kichwani mwangu kulikuwa na wizi mmoja tu duniani, nao ulikuwa wa sweta la Babu. Sikuwa nimeelewa kabisa habari za madonge na gunia. Nilidhani kikao kile chote, mabenchi yote na vitenge vyote, kimeitishwa kwa sababu ya marehemu babu yangu. Nikasema sikuiba.

Mwenyekiti akasema basi, mtoto hakuiba, kwa hiyo alipewa, na aliyempa ni huyu.

Sesilia alinitazama. Alisubiri. Ningeweza kusema neno moja, Babu, na kila kitu kingebadilika. Sikulisema. Sweta likaanza kuzungushwa kwenye mabenchi. Kila mwanamke alilishika. Kila mmoja alilishika kwa vidole vinavyofuma, akalitazama, akampa wa pili. Lilipomfikia Mama nilifunga macho, halafu nikayafungua, na nikamwona anapitisha kidole gumba juu ya ule mstari wa kahawia. Akaupitisha mara mbili. Nikajua nimekwisha. Nikasubiri aseme. Akalikunja sweta, akampa jirani yake.

Siku hiyohiyo Sesilia aliondolewa kwenye kikundi. Baba, ambaye hakuwepo ukumbini, aliambiwa kwamba ameweka mwizi kibanjani mwake, na hakutaka kuonekana anamtetea. Alimpa siku tatu. Sesilia hakuzingoja. Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, nilimwona akipita njia ya pembeni na kikapu kichwani na kidumu mkononi, anachechemea kuelekea upande wa Nyakatuntu. Nikamkimbilia na Kabwa. Sikuwa na la kusema, au nilikuwa nalo na halikutoka. Nikamnyooshea mbwa. Aliweka kidumu chini, akamchukua, akamtia ndani ya kitenge alichojifunga kifuani ili ule mgongo upate joto. Akachukua kidumu chake. Hakuniita mwanangu.

Jioni ile nilishindwa kula. Jikoni tulikuwa wawili tu, mimi na Mama. Nikamwambia kwamba uzi ulikuwa wa sweta la Babu. Nilitegemea kiboko, nilikuwa hata nimekitayarishia miguu. Mama hakuinua macho kutoka kwenye chungu. Alisema:

"Nyamaza. Kula."

Na mimi nikala. Sasa sikilizeni jinsi mtoto anavyoweza kusoma kitu kinyume. Nilidhani ananilinda. Nilidhani amebeba siri yangu ili Baba asinipige, na nikampenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda. Miaka yote ya sekondari, ya chuo, ya ndoa yangu, watu wanaponiuliza ni lini nilijua mama yangu ananipenda, mimi nilikuwa nakumbuka yale maneno mawili ya jikoni. Kwa Sesilia nilijiona mwenye dhambi mimi peke yangu, mtoto mwongo aliyemwangamiza mtu mwema, na niliibeba dhambi hiyo kama mali yangu. Hapakuwa na mtu wa kunitua.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku ile pale mnadani. Niliacha nilichokuwa nimechagua, nikauliza njia, nikaenda nyuma ya kanisa.

Alikuwa amekaa mlangoni, mguu mmoja umenyooshwa. Nywele zilikuwa nyeupe. Mbwa wawili walilala karibu naye, mmoja amevaa kijani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Kanoni. Akasema Kanoni ni kubwa. Nikamtajia jina la baba yangu, na nikajitaja kuwa ni Kemi, yule wa mbwa.

Aliwasogeza mbwa kando. Kisha akanionyesha kigoda.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani lakini yalitoka yote kwa mkupuo, sweta la Babu, ghala, uongo, jinsi nilivyodhani kikao ni cha Babu, jinsi nilivyoogopa. Nililia bila aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanisimulia kwamba Kabwa aliishi naye miaka mingi, kwamba alianza kumfumia lingine kabla hawajafika Nyakatuntu, akikaa kwenye kingo za njia kila goti lilipokataa. Kule habari ilikuwa imemtangulia, kwamba ni mwizi wa mali ya kanisa, na kila alipoomba kibarua aliulizwa habari hiyo kwanza. Ndugu zake walimwonea haya. Ndipo akahamia Isingiro, mahali ambapo hakuna anayemfahamu, akaanza upya akiwa si kijana tena. Hakujiunga tena na kikundi chochote. Alifuma kwa ajili ya mbwa kwa sababu, alisema, mbwa hawapigi hesabu ya madonge.

Nikamwomba msamaha. Akasema:

"Wewe ulikuwa mtoto, Kemi. Mama yako hakuwa mtoto. Nilimwona anapitisha kidole kwenye uzi wa kahawia."

Palepale kwenye kigoda jambo zima likageuka mbele ya macho yangu kama nguo inavyogeuzwa ndani nje. Mama alikitambua kiwiko alichokishona mwenyewe. Na si yeye peke yake. Wanawake wote wa mabenchi yale walikuwa wafumaji, wote walikuwa wamewahi kufumua sweta la mtoto mkubwa ili kumfumia mdogo, kwa sababu uzi mpya ulikuwa wa nadra. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuambiwa uzi uliojikunja ni uzi gani. Waliushika, wakajua, wakapitisha. Na mimi, wa darasa la nne, waliniachia lawama niilee mwenyewe, nikue nayo.

Sikurudi kwangu siku ile. Nilikwenda Kanoni moja kwa moja.

Mama sasa ni mzee na presha inamsumbua. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia nimetoka kwa Sesilia. Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea. Nikamwambia yote niliyoambiwa, ya Nyakatuntu, ya ndugu, ya mbwa. Nilipomaliza alisema kitu ambacho sikukitarajia wala sikuwa nimekiuliza. Alisema yale madonge matatu yalionekana. Yalionekana kabla ya Krismasi ya mwaka uleule, nyuma ya sanduku nyumbani kwa mwenyekiti, panya wamefanyia kiota.

Nilimuuliza nani alikwenda kumwambia Sesilia mwenyewe. Akasema alikuwa ameshaondoka.

"Nyakatuntu si mbinguni, Mama," nikasema.

Alimenya ndizi tatu nzima kabla ya kujibu. Akaniambia kwamba mimi sielewi, kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa kuolewa pale, kwamba mwenyekiti alikuwa mtu wa kuamua nani apewe mkono kwenye msiba na nani asipewe. Kama angesema uzi ni wa mkwe wake aliyefariki, Baba angeniua mimi, na wenzake wangemwona yeye ndiye mwongo anayemtetea kibarua.

"Nilikuwa naishi na watu, Kemi."

"Na yeye alikuwa anaishi na nani?"

Ndizi ziliisha, akawa anayakusanya maganda yaliyokuwa tayari yamekusanyika. Mimi nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimama lini. Sikuwahi kumsemesha mama yangu kwa sauti ile na sidhani nitaitumia tena, lakini sijutii. Mwishowe akauliza, akiwa ameinamia sufuria, kama lile goti la Sesilia bado linamsumbua.

Nikamwambia aende akamuulize mwenyewe.

Mpaka leo hajaenda. Kila Jumapili nampigia simu, namwamkia, naulizia migomba, naulizia presha, halafu naulizia safari ya Isingiro. Nimemwambia nitampeleka mimi, ni nusu siku tu, kwenda na kurudi. Ananiambia ni mvua, barabara ni matope. Mvua ilipokatika, aliniambia ni vumbi.